Faiba na Epoksi kwa Kayaki ya Mbao: Kabla Hujafungua Kopo

Maswali yanayotufikia kutoka kwa wasomaji wanaojiundia kayaki nyumbani yanafanana mno. Mtu ameshakata plaiwudi, ameshaishona kwa nyaya za shaba, umbo limetoka, chombo kimekaa uani juu ya stendi mbili. Hapo ndipo anapokwama. Resini ipi? Kitambaa kipi? Kwa nini nilipojaribu kwenye kipande cha mbao pamebaki pananata mpaka leo? Na je, haya yote ni lazima?

Nitajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia dukani hadi rangi ya mwisho. Jambo moja lieleweke tangu sasa: wepesi wa mkono ni sehemu ndogo ya kazi hii. Nimeona faiba ya fundi mzoefu ikibanduka yote kwa kuvutwa tu, na nimeona ya mtu aliyeshika brashi kwa mara ya kwanza ikishika barabara. Kilichowatofautisha ni kipimo, ukavu wa mbao na saa ya kazi. Hayo matatu anayaweza yeyote mwenye subira.

Je, ni lazima?

Wengi wanasema mitumbwi na ngalawa zetu hazikuwahi kuona faiba, na zimevua samaki miaka nenda miaka rudi. Ni kweli. Ila mtumbwi uliochongwa kwenye gogo la mwembe una unene wa kutosha kukwaruzwa kila siku bila madhara. Plaiwudi ya kayaki ni ya milimita 4 tu, na ubamba wake wa juu ni kama milimita 1. Uburute mara chache kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika au matumbawe ya pwani, ubamba umekwisha. Maji yanaingia kwenye matabaka, mbao inavimba, gundi inaachia.

Kuna sababu ya pili. Kayaki ya kushona haina mataruma ya kuishikilia. Nguvu yake yote iko kwenye maungio na ngozi. Kwa hiyo ndiyo: nje ya tumbo weka kitambaa chote, na maungio ya ndani yawekwe utepe wa faiba. Kwenye sitaha unaweza kutumia kitambaa chepesi zaidi.

Wengine wanauliza kama wanaweza kuifunika ngalawa au mashua ya zamani kwa namna hiyohiyo. Siwashauri. Mbao nene za mashua huvimba na kusinyaa kila inapoingia majini na kupandishwa, nazo zimenyweshwa sifa kwa miaka. Epoksi haishiki kwenye mafuta ya samaki, na faiba haivumilii mbao zinazotembea. Chombo cha namna hiyo kina kalafati yake, na kiachwe nayo.

Resini ya mafundi wa matangi haitoshi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na nalielewa, kwa sababu resini ya poliesta inapatikana karibu kila mji mkubwa na bei yake ni ndogo zaidi. Mafundi wa matangi ya maji na bodi za magari wanaitumia kila siku.

Kwenye kalibu, au juu ya faiba nyingine, inafanya kazi vizuri. Juu ya mbao haishiki kwa undani. Mbao ikianza kunywa na kutoa unyevu, poliesta inajibandua polepole, mara nyingi kwenye kingo, na maji yanayokaa chini yake yanaiozesha mbao bila wewe kuona. Mtu atakukumbusha kwamba boti ndogo za Mirror zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1963 zilishonwa kwa plaiwudi na kuunganishwa kwa poliesta. Ni kweli, na wanaozikarabati leo huunga maungio yake upya kwa epoksi.

Nunua epoksi. Ukiwa dukani, hakikisha yafuatayo:

- Makopo ni mawili, resini na hadina, ya chapa moja na yanayooana. Usichanganye resini ya chapa hii na hadina ya ile.
- Kopo au karatasi yake inasema wazi kipimo cha mchanganyiko, na kama ni kwa ujazo au kwa uzito.
- Hadina ni ya polepole, ile iliyotengenezwa kwa nchi za joto. Ya haraka itakugandia mkononi.
- Ni ya kulowesha kitambaa, yaani nyepesi inayotiririka. Epoksi ya sakafu na gundi nzito ya mirija haifai kwa kazi hii.

Kwa kayaki ya karibu mita 5, ndani na nje, andaa kati ya kilo 6 na 8 za mchanganyiko. Nunua zote kwa mara moja ikiwezekana. Kuishiwa katikati ya kulowesha ni balaa.

Kitambaa

Omba kitambaa cha faiba kilichofumwa, cha takriban gramu 200 kwa mita ya mraba, kwa tumbo la nje. Kwa sitaha, gramu 130 hadi 140 zinatosha. Kwa maungio ya ndani nunua utepe wa upana wa sentimita 7 au 8.

Usikubali kuuziwa ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa ovyo. Mikeka mingi ya aina hiyo imeshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na kemikali iliyomo kwenye poliesta. Epoksi haina kemikali hiyo, hivyo mkeka unabaki mgumu, haukubali kona, na unakunywa resini nyingi mno. Chombo kinakuwa kizito bila kuongeza nguvu ya maana.

Wengi hudhani kitambaa kinene ndiyo usalama. Kayaki ya plaiwudi iliyojengwa vizuri huwa na kilo 18 hadi 25, na mtu mmoja anaibeba begani hadi majini. Ukiongeza kitambaa na resini kila unapoingiwa na wasiwasi, utapata chombo cha kubebwa na watu wawili. Ongeza pale panapokwaruzwa tu: vipande viwili vya upana wa sentimita 6 hadi 8 kando ya mkuku, kutoka omo hadi tezi.

Kitambaa kisikunjwe. Kiviringishe kwenye bomba, kiweke pakavu, na usikishike kwa mikono yenye jasho au mafuta. Mkunjo utakaoingia humo hautatoka wakati wa kulowesha.

Ngozi yako kwanza

Soma sehemu hii hata kama utaruka nyingine zote. Epoksi haina harufu kali kama poliesta, na ndiyo maana watu wanaidharau. Hatari yake kubwa ni mzio. Mtu anaweza kuishika mikono mitupu kazi moja, mbili, tatu, asione kitu. Kisha siku moja vipele vinatoka, macho yanavimba, na kuanzia hapo kila atakaposogelea resini hali hiyo itarudi. Mzio wa namna hii haupoi. Ukishaupata umeupata maisha yote. Nimeumia kuona vijana wenye kipaji wakiacha kazi wanayoipenda kwa kukosa glavu.

- Vaa glavu za nitraili na uzibadilishe mara zinapochafuka. Kuwa na boksi zima.
- Vaa mikono mirefu, hata joto likiwa kali.
- Resini ikigusa ngozi, ifute kwa karatasi, kisha osha kwa sabuni na maji. Usioshe ngozi kwa thina wala asetoni kamwe, maana hizo zinaiyeyusha resini na kuipenyeza ndani ya mwili.
- Fanya kazi penye hewa inayopita. Ukiwa ndani ya tumbo la kayaki, ambamo kichwa kinakaa karibu na resini, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke.
- Unapopiga msasa, vaa barakoa ya vumbi inayobana uso. Vumbi la epoksi isiyokomaa ni baya kuliko resini yenyewe.
- Watoto wakae mbali, na chakula kisiingie eneo la kazi.

Kuandaa mbao

Nachukulia kwamba ndani umeshamaliza: maungio yameshikizwa kwa nukta za epoksi nzito, nyaya zimetolewa, kona zimejazwa na kulainishwa kwa mgongo wa kijiko, na utepe umelazwa juu yake. Sasa kayaki imegeuzwa, tumbo juu.

Kwanza, kingo. Kitambaa cha faiba hakipindi kwenye ncha kali. Kitanyanyuka na kuacha mfereji wa hewa chini yake. Zungusha kila kona ya nje kwa randa ndogo na msasa mpaka iwe na mviringo wa angalau milimita 6. Pitisha kiganja kutoka omo hadi tezi. Pale kiganja kinapohisi ncha, na kitambaa kitaihisi.

Pili, matundu. Ziba matundu ya nyaya na nafasi zote kwa epoksi iliyokazwa kwa unga laini wa mbao, ule wa msasa unaopita kwenye chujio la chai. Usitumie puti ya magari. Hiyo ni poliesta, na inakunywa maji.

Tatu, msasa namba 80 juu ya mbao yote, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi. Futa vumbi kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo asetoni, na uache hewa ipite.

Nne, ukavu. Mbao bora kwa epoksi ina unyevu wa asilimia 12 au chini; ikizidi 18, usiiguse. Pwani hewa yenyewe imejaa maji, kwa hiyo plaiwudi iliyokaa wazi kibarazani haijakauka hata kama haijanyeshewa. Kama huna kipima unyevu, chukua kipande cha plaiwudi ileile, kiweke pamoja na kayaki mahali pakavu, na ukipime kila siku kwa mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka, mbao imefika mwisho wa kukauka kwa hewa ya mahali hapo. Ukitaka zaidi, kiingize chombo kwenye chumba chenye bati na madirisha, jua lipashe chumba kwa siku kadhaa.

Kabla ya kugusa kayaki, fanya jaribio. Lowesha kipande cha kitambaa juu ya plaiwudi ya sentimita 30 kwa 30, kwa makopo yaleyale na kipimo kilekile. Baada ya siku 3, kibandue kwa patasi. Kikitoka na nyuzi za mbao, uko salama. Kikitoka peke yake kikiwa safi, kuna jambo halijakaa sawa, na ni afadhali umelijua kwa gharama ya kiganja cha resini.

Siku na saa

Mbao imejaa vitundu vidogo vya hewa. Ikipata joto, hewa inapanuka na kutoka, nayo inasukuma viputo ndani ya resini yako mbichi. Ikipoa, inavuta resini ndani. Kwa hiyo lowesha wakati joto linashuka. Chombo kikae kivulini mchana kutwa, na kazi ianze saa 9 au saa 10 alasiri. Anayeanza saa 3 asubuhi kwa sababu kuna ubaridi atashangaa saa 5 akiona viputo vinachomoza kila mahali, na kadiri anavyovisukuma vinazidi.

Tatizo la jioni ni umande. Ndiyo maana kazi ifanyike chini ya paa, na uwe umemaliza kulowesha kabla giza halijaingia. Taa za usiku huvuta wadudu, na kando ya Ziwa Victoria huja kama wingu. Tundika vyandarua kuzunguka eneo la kazi, inafaa sana.

Kwa majira, pwani ningechagua kipupwe, Juni hadi Agosti. Masika usijaribu. Siku yoyote unayosikia nguo zilizoanikwa hazikauki, epoksi nayo isubiri.

Kupima na kuchanganya

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na kosa lake halirekebishiki.

Aliyezoea poliesta anajua kwamba akiongeza kichochezi, inakauka haraka. Epoksi haiko hivyo. Resini na hadina zinaungana kwa idadi maalumu, na kila kilichozidi kinabaki kama kilivyo, laini na kinachonata, ndani ya ngozi ya kayaki yako daima. Ukitaka haraka, badilisha aina ya hadina, usibadilishe kipimo.

Angalia tena kama kipimo cha chapa yako ni cha ujazo au uzito. Epoksi ya 2 kwa 1 kwa ujazo, ukiipima kwa mizani, inakuwa karibu 100 kwa 44 kwa chapa nyingi, kwa sababu hadina ni nyepesi kuliko resini. Mwenye kupima 2 kwa 1 kwa gramu amezidisha hadina bila kujua. Mimi napendelea mizani ya jikoni ya dijitali, iliyofunikwa nailoni, na kipimo cha uzito alichoandika mtengenezaji mwenyewe. Macho hayana nafasi hapa.

- Changanya gramu 150 hadi 200 kwa mara moja, zisizidi.
- Koroga dakika 2 kamili, ukikwangua pembeni na chini ya kikopo.
- Hamishia kwenye kikopo cha pili na ukoroge tena. Resini iliyoganda pembeni ya kikopo cha kwanza ndiyo huacha madoa yasiyokauka.
- Mimina mara moja juu ya kazi au kwenye sinia pana.

Hilo la mwisho lina sababu. Epoksi inapoungana inatoa joto, na ikiwa imerundikana kwenye kikopo joto hilo halina pa kutokea. Inajipasha, inaharakisha, inajipasha zaidi, hadi kikopo kinatoa moshi na plastiki kuyeyuka. Kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka, muda wa kazi hupungua kwa karibu nusu. Mchanganyiko unaokupa dakika 40 penye nyuzijoto 20 utakupa kama 20 tu Dar es Salaam au Mombasa siku ya joto. Kikopo kikianza kuchoma mkono, kipeleke nje juu ya mchanga mkavu na ukiache. Usijaribu kuokoa kilichomo, wala usikitupe kwenye pipa la takataka.

Kutandika na kulowesha

Muwe wawili. Mmoja apime na kuchanganya tu, mwingine atandaze. Anayechanganya asishikwe na kazi nyingine.

Tandaza kitambaa kikavu juu ya tumbo lote, kipande kimoja kutoka omo hadi tezi, kikiacha sentimita 5 hivi kuning'inia pembeni. Kilainishe kwa brashi laini kavu kutoka katikati kwenda kingoni. Usikivute kwa nguvu; kitambaa kina tabia ya kulala chenyewe ukikipa muda. Kwenye ncha za omo na tezi kitakataa kuzunguka, hapo kikate kwa mkasi na upande mmoja ulale juu ya mwingine.

Kisha:

1. Anza katikati ya chombo, juu, karibu na mkuku. Mimina resini kidogo na uitandaze kwa skrepa ya plastiki kuelekea chini, mita moja kwa mita moja.
2. Kipe kitambaa dakika kadhaa kinywe. Weupe utatoweka, na rangi ya mbao itajitokeza.
3. Pembeni palipo wima tumia rola ndogo ya sponji au brashi, kwa sababu ukimimina itatiririka chini.
4. Rudi na skrepa, ukiilaza kidogo, ukwangue ziada kutoka juu kwenda kingoni. Ziada iliyojaa mapovu itie kwenye kikopo cha kutupa.
5. Nenda upande wa omo, kisha wa tezi, ukilowesha daima kutoka palipolowa kwenda pakavu.

Hatua ya 4 ndiyo watu wanaiacha, kwa hofu ya kuondoa resini waliyoilipia. Resini ikizidi, kitambaa kinaelea juu yake badala ya kulala juu ya mbao, na utakapokuja kupiga msasa utakata nyuzi. Kilicholoweshwa vizuri kina rangi ya mbao, hakina weupe, haking'ai kama kioo, na mfumo wa nyuzi unaonekana wazi. Palipong'aa pana ziada. Palipo peupe panahitaji.

Mita moja ya mraba ya kitambaa cha gramu 200 inakunywa resini ya uzito kama huo au zaidi kidogo. Ukiona umemaliza gramu 400 kwa mita moja, simama na urudi na skrepa.

Baada ya nusu saa zunguka na tochi ya kumulika ubavuni, utafute viputo na michirizi. Resini ikianza kuvuta nyuzinyuzi, iache. Anayeendelea kuchokonoa resini inayoganda anaharibu zaidi.

Saa chache baadaye

Kuna wakati ambapo resini imekuwa kama ngozi ya kiatu, haishiki kidole lakini bado inakubali kisu. Kwenye joto letu ni saa chache tu, kwa hiyo usilale. Kata ziada ya kitambaa kingoni kwa wembe mpya. Ukichelewa hadi asubuhi utaikata kwa msumeno na tupa.

Wakati huohuo, laza vipande vya ziada kando ya mkuku, kisha pitisha tabaka jembamba la kwanza la kujaza, kwa rola. Tabaka linalowekwa juu ya epoksi ambayo haijakomaa linaungana nayo kwa kemikali, wala halihitaji msasa. La pili lifuate saa chache baadaye, au alfajiri mapema, la kwanza likiwa bado linanata kidogo. Matabaka mawili au matatu membamba yatafunika mfumo wa nyuzi. Moja nene litatiririka na kuacha mawimbi.

Na kama umechelewa, epoksi imekauka kabisa? Endelea kusoma.

Osha kabla ya msasa

Epoksi nyingi zikikauka kwenye hewa yenye unyevu hutoa utando mwembamba wenye utelezi, kama nta. Pwani utauona karibu kila mara. Hakuna kitakachoshika juu yake, si tabaka jipya wala rangi.

Utando huo unayeyuka kwa maji ya kawaida. Osha kwa maji safi na sponji ya kijani ya kuoshea vyombo, suuza, futa kwa karatasi, acha pakauke. Kisha ndipo msasa. Ukianza na msasa unausugua utando na kuuingiza kwenye mikwaruzo, na huko hautatoka. Asetoni nayo haiuondoi vizuri. Maji kwanza; narudia kwa sababu ndiyo hatua inayorukwa zaidi.

Kisha msasa namba 120, umalizie na 220 wa maji. Mng'aro wote utoweke, pabaki ufifu sawasawa. Ukiona alama za mfumo wa nyuzi zikitokeza, simama: umefika kwenye kitambaa. Paka tabaka jingine hapo, kisha uendelee kesho.

Bila kinga ya jua umefanya kazi bure

Epoksi haipendi jua. Ikiachwa wazi inageuka njano, kisha inakuwa chaki na kupasuka, na kwetu jua halina msimu wa kupumzika. Lazima ifunikwe kwa rangi, au kwa vanishi ya baharini yenye kinga ya miale.

Najua kwamba wengi wanataka mbao yao ionekane. Wana haki, wameifanyia kazi. Lakini vanishi inahitaji matabaka 4 hadi 6, na kurudiwa mara kwa mara. Ushauri wangu: tumbo lipakwe rangi, sitaha iwe ya vanishi ikiwa una pa kuihifadhi kivulini.

Rangi iwe nyeupe au nyingine isiyokolea. Epoksi nyingi zilizokauka kwa joto la kawaida huanza kulainika karibu na nyuzijoto 50 hadi 60, na ubavu uliopakwa rangi nyeusi ukikaa juani mchana unaweza kupita hapo. Mfumo wa nyuzi utajichora juu ya rangi, na chombo kilichofungwa kamba juu ya gari kinaweza kupinda.

Subiri angalau wiki moja kabla ya kupaka rangi. Rangi nyingi za kopo moja hukataa kukauka juu ya epoksi changa. Jaribu pembeni kwanza.

Palipoharibika

- *Panabaki pananata baada ya siku 3.* Kipimo au kukoroga. Kama ni utelezi wa juu tu, osha kwa maji. Kama ni laini hadi chini, kwangua yote, futa kwa asetoni, anza upya. Kuipaka juu hakutaikausha.
- *Doa jeupe dogo.* Kitambaa hakikulowa. Toboa tundu dogo, sindano iingize resini, funika kwa nailoni na ukandamize.
- *Kiputo kikubwa kuliko sarafu.* Kikate chote kwa kisu, piga msasa hadi kingo ziwe nyembamba, weka kiraka kinachopita kingo kwa sentimita 5.
- *Rangi ya maziwa.* Unyevu uliingia. Kama ni kwenye tabaka la kujaza, piga msasa uliondoe. Kama ni chini ya kitambaa, jaribu kukibandua. Kikishika imara, paka rangi uendelee.

Kabla ya majini

Vyumba vya hewa vya omo na tezi vikishazibwa kabisa, toboa kitundu cha milimita 2 kwenye kila kiambaza. Jua hupanua hewa iliyofungiwa na inaweza kufumua maungio uliyoyahangaikia.

Mabaki ya resini na hadina yachanganye kwa kipimo, yaache yakauke, ndipo uyatupe yakiwa magumu. Resini mbichi isimwagwe ufukweni.

Na kila mwisho wa msimu geuza kayaki, ukague mkuku na kingo. Ukiona mstari mweusi chini ya faiba, maji yameingia. Fungua hapo kwa kisu, ikaushe mbao kivulini kwa wiki mbili au zaidi, piga msasa namba 80, kisha weka kiraka alasiri.